Vikwembe Barabarani

Likasi, tarehe 2 Julai

Mama mudogo Philomène,

Huku baridi ni kali. Mbuzi wetu amezaa mapacha, na baba anawaonyesha kila mgeni.

Siku ya uhuru shule ilinichagua niwe Mama Kongo kwenye gwaride. Nilijifunga kikwembe cha rangi za bendera na kumbeba mgongoni mtoto wa jirani yetu Tina.

“Asikukojolee, mama ya inchi,” Tina alinitania.

Wanawake walivua vikwembe vyao vya juu na kuvitandika barabarani ili nipite, kama wanavyompokea mtu mkubwa. “Kanyanga, mama yetu,” walisema. Baba alilia kwa furaha.

Mimi nilitembea polepole, nikiogopa kutapika. Ninatapika kila asubuhi, mama mudogo. Nimekuambia wewe peke yako. Kijana mwenyewe amehamia Kolwezi, na simu yake haipatikani tena.

Baada ya gwaride Tina alimchukua mtoto wake. Wanawake waliokota vikwembe, wakavikung’uta vumbi, wakaenda zao.

Tumbo likionekana, hapa hakuna atakayenitandikia kitu. Nikija kwako Kapolowe, utanitandikia hata mkeka?

Ni mimi, mtoto wa marehemu dada yako,
Emmanuella