Mbege Haifungwi

Jumamosi, saa kumi alasiri. Mlima umejifunika tangu asubuhi, na baridi imeingia mpaka jikoni.

Wasomaji wangu, naomba radhi kwa ukimya wangu. Tangu Pasaka sijaandika neno hapa. Sikuugua. Nilijiambia kwamba mzee aliyestaafu halazimiki kutoa maoni juu ya kila jambo, nikajishughulisha na migomba yangu na ng'ombe wawili. Leo nimerudi kwa sababu nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Jirani yangu hapa Rau, Mama Aikande, anauza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kibanda chake ni mabati machache na mabenchi matatu kando ya barabara, na kwa kibanda hicho amesomesha watoto wanne. Mnunuzi akifika, Mama Aikande huchota kwa kata, huonja yeye kwanza mbele ya macho ya mnunuzi, ndipo humpa. Mama yake alifanya hivyo, na mama yangu alifanya hivyo. Mpishi hunywa kwanza ili mgeni ajue kwamba hakuna baya.

Mwezi uliopita ilikuja kutoka halmashauri karatasi ya sheria ndogo za vyakula na vinywaji vinavyouzwa kwenye mikusanyiko ya watu. Kifungu cha saba kilitaka kila kinywaji kiwe katika chombo kilichofungwa kabisa, kisichopitisha hewa. Mama Aikande na wenzake waliniletea niwasomee, kwa kuwa nilifundisha uraia kwa miaka thelathini na wananiamini.

Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa: Rasimu kwa ajili ya maoni ya wananchi.

Nililiona neno hilo. Nilijua maana yake. Haikuwa sheria bado. Tulikuwa tunaulizwa kama tunaitaka au hatuitaki. Badala ya kuwaambia waandike maoni yao, niliwaambia watii, kana kwamba tayari ni sheria. Nilisema kwamba raia mwema hangoji kusukumwa. Nilisema kwamba siku ya wafanyabiashara wadogo wa kata yetu imekaribia, viongozi watakuwapo, basi waoneshe mfano.

Mama Aikande alinitazama kidogo. "Haya, Mwalimu," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa juzi, Alhamisi, katika kiwanja cha shule. Walikuja mafundi viatu wa Njoro, akina mama wa vitumbua kutoka Pasua, na wakulima wa juu mlimani na kahawa yao ya kukaanga. Mama Aikande alipanga mezani chupa ishirini za plastiki, zimeoshwa zikang'aa, vifuniko vimekazwa na kuzungushiwa utepe. Nilipoziona nilijivuna, kana kwamba nimezijaza mimi.

Mbege haiachi kuchachuka kwa sababu imefungiwa. Kila mtoto aliyekulia mlimani anajua hilo. Ndoo yake hufunikwa kwa jani la mgomba ili ipumue. Nililijua kabla sijajua kusoma, na nililisahau kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri.

Saa sita mawingu yalifunguka, jua likapiga meza. Chupa zilivimba kama tumbo la ndama aliyekula majani ya umande. Afisa mmoja wa afya alikuwa amesimama hapo hapo, kipaza sauti mkononi, akisifu faida za chombo kilichofungwa. Kifuniko cha kwanza kiliruka mpaka kwenye turubai. Cha pili na cha tatu vikafuata. Shati lake jeupe likageuka rangi ya uji wa ulezi.

Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Fundi viatu mmoja akapaza sauti: "Mheshimiwa, usikasirike! Hiyo imefungwa kisheria!"

Bi. Saumu wa vitumbua, ambaye hajaonja pombe maishani mwake, alikuwa akikamua mtandio wake. "Jamani, sijanywa hata tone, na leo narudi nyumbani nanuka kilabu! Baba Hamisi nitamwambia nini?"

Afisa hakucheka. Alibandua kibali cha biashara cha Mama Aikande pale kilipobandikwa mezani, akakikunja, akatangaza kwamba kibanda chake kimefungwa kwa kukiuka kifungu cha saba, kwa kuwa vyombo havikubaki vimefungwa.

Kifungu ambacho hakijapitishwa na mtu yeyote!

Nilisimama. Nilimwambia kwamba ile ni rasimu, kwamba hakuna awezaye kuvunja sheria ambayo madiwani hawajaipigia kura, na kwamba anamwadhibu mama huyu kwa sababu ametii. Alinijibu kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko tusi.

"Shikamoo, mzee. Hawa mama wanasema wewe ndiye uliyewaambia ni sheria. Leo imekuwa rasimu?"

Niliinama nikaanza kukusanya chupa zilizobaki.

Mimi na Mama Aikande tulirudi kwa miguu, nimebeba chupa ambazo vifuniko vyake havikuruka, sasa vimelegezwa. Nilimuuliza kwa nini hakunionya.

"Nilijua, Mwalimu. Mbege haifungwi. Lakini ulikuwa umeshasema. Ningekubishia vipi mbele ya watu?"

Nina hasira na afisa huyo. Nina hasira na walioandika kifungu cha saba bila kuingia hata siku moja katika jiko la mbege, wakadhani kwamba kila kinywaji duniani kimetoka kiwandani. Nina hasira na tangazo la kuomba maoni lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi inayofunguliwa saa ambazo muuzaji yuko kibandani. Lakini kwa miaka thelathini niliwaambia watoto wa watu kwamba raia ana haki ya kuulizwa. Siku nilipoulizwa, niliitikia "ndiyo" kwa niaba ya wanawake ambao hawakunituma.

Kibanda kimefungwa siku ya tatu leo. Mabenchi yameegemezwa ukutani.

Jumanne kamati ya madiwani itakaa kusikiliza maoni juu ya rasimu, na imekubali kulisikiliza pia suala la kibali. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja. Sentensi yake ya kwanza inasema kwamba ushauri ulikuwa wangu. Nitaisoma mwenyewe, nikiwa nimesimama. Mama Aikande atakuja na ndoo, jani la mgomba juu yake, na kata.

Mchana huu alipita hapa na mbege iliyobaki. Sikutarajia. Alichota, akaonja kwanza mbele yangu kama ninavyomwona akifanya siku zote, kisha akanipa. Niliipokea kwa mikono miwili.

Wakishaamua, nitaandika hapa walichoamua, kiwe cha haki au cha aibu. Nikiletewa karatasi yao nitaanza kusoma juu kabisa, na nitamuuliza Mama Aikande kabla sijafungua mdomo.