Ritifaa la Mzee Ng'wandu

Shinyanga, Jumatano, 1988

Mzee Ng'wandu wa Samuye leo kakataliwa hospitalini kwetu kupasuliwa mtoto wa jicho, eti jina lake halimo kwenye orodha.

"Mwanangu, nani kanifuta?" aliniuliza.

Ni kompyuta yetu. Amri ya kuingiza majina kwenye orodha ikikuta ritifaa, kile kialama cha ng', hudhani maneno yameishia hapo, na mgonjwa anapotea. Fundi wake hakuona hata haya: "Andika Ngwandu tu. Hiyo alama ya nini?"

Ya nini! Mtu akatwe jina ili mashine ipumue?

Nimeyaweka majina kwenye faili la pembeni, amri iyachukue yalivyo. Wagonjwa wote waliopotea wamerudi orodhani. Nikamfuata mzee benchini, nikamwambia atapasuliwa Ijumaa.

Fundi hajaomba radhi. Kesho salamu yangu asiitarajie.