Mianzi Imekufa Maji

Gungu, Kigoma

Kamwene, Mama Neema.

Baridi ya Njombe inawatendaje? Kikohozi cha Neema kimeisha, au bado kinakunyima usingizi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechoka, na leo sitaki kukuficha.

Mianzi imekufa maji, mke wangu. Yote. Vile visiki ulivyonifungia kwenye gunia bichi ukavipandisha basi kwa mikono yako, hakijabaki hata kimoja.

Ulipokuja ile mara moja ulisema huwezi kuoga kwenye bafu la magunia katikati ya wapangaji. Kukiwa na uzio wa mianzi utakuja kuishi. Nikaishika hiyo kauli. Kila jioni nikitoka shule nilikuwa naimwagia mianzi maji ya vyombo. Bibi Mwajuma, mwenye nyumba, akanipa mabaki ya dagaa nifukie iwe mbolea. Mtaa ukanuka, paka wakahamia kwangu. Mwanzoni ikajinunia tu. Baadaye ikatoa machipukizi, yakanipita kimo, nikaanza kuhesabu kwamba unakuja.

Lakini niliipanda kule chini, upande wa ziwa. Kwetu mianzi si hupandwa bondeni, kwenye unyevu? Bibi aliniambia, "Mwarimu wee, panda huku juu. Hili ziwa linatembea." Nikacheka. Masika haya ziwa likapanda, likaingia uani, likatuama. Majani yakageuka njano. Juzi nimevuta shina moja, likatoka lenyewe, mizizi imeoza. Nikakaa palepale kwenye tope nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Bibi akanishika bega. "Inuka, mwanangu, utaumwa. Mianzi si mtu."

Nikainuka.

Nyumba ya Ujiji nayo imeingia maji, nimehamia chumba kimoja huku Gungu. Maombi ya uhamisho yamekataliwa tena. Sijui nishike lipi.

Zamani ukipiga simu ulikuwa unaulizia mianzi kabla ya kuniulizia mimi. Tangu Pasaka hujaiulizia. Nalala na jambo hilo, naamka nalo.

Msalimie mama mkwe, mwambie goti lake naliombea. Msalimie na shemeji yangu fundi cherehani, na Neema umbusu shavuni kwa niaba yangu.

Visiki vingine usinitumie. Njoo wewe mwenyewe, hata kwenye chumba hiki kisicho na uzio, au uniambie kwamba huji.

Mumeo,
Baba Neema