Seva Chumbani mwa Mama Mkwe

Mama mkwe mpendwa,

Binti yako Robi ameniambia nikuandikie kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha iliyotukutanisha, mimi na Kiluo changu na wewe na Kikuria chako. Sasa ni miezi minane tangu utuache, na mwaka huu, ambao ndio wa mwisho wa miaka ya tisini, unaisha. Mimi ni mtu wa habari. Nitaandika nilichoona na nilichosikia, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Sehemu kubwa ya kazi yetu sikuiona. Ilifanyika nyuma ya pazia la chumba chako.

Ulipostaafu ukunga ulirudi Migori na madaftari ishirini na mawili: ya Kendu Bay, ya Rusinga, na ya mwisho ya kwenu Kegonga. Watu waliendelea kukufuata. Mmoja anataka kitambulisho, mwingine shule imemkataa bila cheti cha kuzaliwa, mwingine anastaafu na hajui ana miaka mingapi. Ulivaa miwani, ukafungua daftari, ukamwandikia chifu barua ya mistari mitatu. Kisha zikaja mvua za El Niño. Paa la sebule likavuja, mchwa wakapanda ukutani hadi kabatini, na daftari la saba ulipolifungua lilikuwa limebaki kama kitambaa cha lesi.

Ofisi yetu ya Homa Bay ilikuwa inaondoa kompyuta mbili za zamani. Nilizichukua. Fundi mmoja wa mjini aliniazima kitabu, na humo nikasoma kwamba unaweza kuifanya kompyuta moja iwe ya kutunza tu, na nyingine iwe ya kuandikia, waya ukiziunganisha. Ile ya kutunza inaitwa seva. Nilikuwa nimeripoti mafuriko, kesi na chaguzi, lakini sikuwa nimewahi kufungua kompyuta. Nilitarajia kukuta kitu kilichojaa. Nilikuta nafasi tupu, vumbi, feni, na nyaya bapa kama utepe wa nywele. Nilishangaa zaidi kusoma kwamba seva ikishatayarishwa haihitaji skrini wala kibodi. Inakaa tu.

Nilipokuletea, uliizunguka mara mbili.

"Haina uso?"

"Haina, mama."

"Sasa nitajuaje kama imenuna?"

Tukaanza kutafuta pa kuiweka. Sebuleni kulikuwa na ndoo tatu zikikinga maji, na jikoni kulikuwa na moshi. Pakavu palikuwa pawili tu: kona moja ya sebule kando ya mlango wa chumba chako, panapotoshea meza ndogo, na chumba chenyewe.

"Basi iingie chumbani," ulisema.

"Mama, mimi siwezi kuingia humo." Kwenu na kwetu ni sawa: mkwe haoni kitanda cha mama mkwe wake.

"Nani amekuita wewe? Nimesema mashine."

Ikaingia, mkiibeba wewe na Robi. Mimi nikabaki kwenye ile kona na kompyuta ya kuandikia, waya mmoja ukipita chini ya pazia. Nikawasha. Hakuna kitu. Barabara ya kutoka Homa Bay ilikuwa imechimbika kwa mvua, na mashimo yake yalikuwa yamelegeza kila nilichokikaza. Kuitoa tena ije kwenye matone ya sebule ulikataa. Kwa hiyo seva ya kwanza niliyowahi kujenga iliungwa kwa mikono ya mkunga mstaafu, binti yake akishika tochi, na mimi nikisoma kitabu kwa sauti nje ya mlango.

"Kuna nyaya bapa," nilisema. "Ukingo mmoja ni mwekundu."

"Ziko mbili. Zote zimechomoka."

"Zirudishe, lakini kwanza umeme uwe—"

"Robi, umeme umezimwa?"

"Mimi ndiye niliyezima, mama," nilisema.

"Sikuulizi wewe. Wewe huoni kitu."

Nilisikia bisibisi ikianguka, nikasikia ukiiambia pole. Mlipowasha tena, Robi aliripoti kwamba taa ndogo ya mbele imewaka na imekataa kuzima. Nilipekua kurasa. Kitabu kilisema waya wa pale umeingia kinyume.

"Ati kinyume?"

"Kichwa kimekaa mahali pa mkia."

"Si ungesema hivyo! Huyu ametanguliza makalio. Robi, zima. Hawa nimegeuza wengi."

Haikuchukua dakika mbili. Feni ilivuma, diski ikakwaruza, na kwenye skrini yangu jina la seva likatokea. Nililisoma mara mbili. Nimekaa karibu na watu wengi siku zao kubwa nikiwa na kalamu mkononi, na najua kuutuliza uso wangu. Siku ile sikuweza.

"Mtoto amelia?" uliuliza ndani.

"Amelia, mama."

Robi alicheka hadi tochi ikaanguka.

Baada ya hapo nilikuja kila Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa Sabato yako na Sabato yako haikuguswa na waya. Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukisoma daftari, mimi nikipiga kibodi upande wa pili wa pazia. Tulianza na lile la saba kwa sababu lilikuwa linakwisha. Ulisoma haraka. Mama fulani, anatoka mahali fulani, uzazi wa ngapi, uzito, mvua au jua, na mwisho kabisa mtoto. Mimi, kwa mazoea ya kazi, niliona habari yenyewe ni mtoto. Kila uzazi nikauhifadhi kwa jina la mtoto. Tulipolimaliza nilimwambia Robi alichome lile gofu, mchwa wasihamie mengine. Hilo ni agizo langu, na sijawahi kusema ni la mtu mwingine. Jioni nikanakili kila kitu kwenye diski ya pili nikaenda nayo Homa Bay, ili nyumba moja ikipatwa na maji nyingine ibaki.

Tulikuwa kwenye daftari la kumi na moja alipokuja Achieng wa Kendu Bay. Alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu na barua yako ilitakiwa kwa chifu kesho yake asubuhi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Alisimama sebuleni katikati ya ndoo, viatu mkononi.

"Umo kwenye la saba," ulimwambia kutoka chumbani, kwa fahari. "Mkwe wangu atakutoa kwenye mashine. Hata dakika haiishi."

Niliandika jina lake. Nikapata Achieng mmoja. Alizaliwa Rusinga, miaka sita baada ya huyu.

Nikatafuta tena. Ni yuleyule. Nikatafuta Onyango, nikapata mmoja. Akinyi mmoja. Otieno mmoja, nami mwenyewe naitwa Otieno na darasani kwetu tulikuwa wanne. Ndipo nikaelewa. Kwetu anayezaliwa jua likiwa juu ni Achieng, na jua la Kendu Bay limekuwa juu siku nyingi. Kila Achieng mpya niliyemhifadhi alimfuta aliyemtangulia. Mashine ilikuwa imeniuliza kila mara kama nina hakika, nami kila mara nikajibu ndiyo bila kusoma, ili nisipitwe na sauti yako. Mtu anayelipwa kuuliza maswali hakusoma swali aliloulizwa. Na kwa kuwa nilikuwa mwangalifu sana kunakili, nilikuwa na nakala mbili safi za kosa moja, katika wilaya mbili.

Nilikuambia yote kama yalivyokuwa. Achieng alikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye maji.

Pazia likaanza kutikisika. Nilidhani unalia. Ulikuwa unacheka.

"Nyinyi Wajaluo! Mnampa mtoto jina la saa, halafu mnashangaa akipotea!"

"Na nyinyi Wakuria, mama? Kila mlango Chacha, kila mlango Mwita."

"Ndiyo maana mimi siandiki mtoto! Mkunga anaandika mama. Watoto wanafanana, mama ni mmoja." Kisha ukabadili sauti. "Wewe msichana, inuka kwenye maji. Mama yako ni nani?"

"Ni Konsolata, mama. Wa kule juu ya soko."

"Konsolata mwembamba, anatoka Rusinga?"

"Huyo huyo."

"Baada yako alizaa nani?"

"Okoth."

"Okoth, jina la mvua. Na ilikuwa inanyesha, sivyo? Nilifika kwake nimelowa hadi shingoni. Robi, niletee la tisa."

Nilisikia kurasa zikifunguliwa. Sikuwa nimejua, kwa sababu katika kuandika nilikuwa naruka mistari niliyoiona ni marudio: kila mama aliporudi kujifungua, uliandika upya historia yake yote, mtoto wa kwanza hadi wa mwisho, na siku za kuzaliwa kwao. Chini ya Okoth, kwa mwandiko wako ulioinama, palikuwa na mstari mmoja: wa kwanza, Achieng, msichana, siku, mwezi na mwaka, saa sita mchana, amelia mwenyewe.

Uliandika barua papo hapo. Mkono wako ukaipitisha kando ya pazia, nami nikampa Achieng bila kuisoma, ingawa nilitaka sana. Alikimbia bila kuvaa viatu. Miezi mitatu baadaye alituandikia kutoka chuoni kwamba chakula ni kibaya na amenenepa.

Jumapili iliyofuata tulianza upya, safari hii kwa jina la mama na mahali anapotoka, na kila mstari wa marudio ukaingia. Nimefanya kazi na wahariri wakali, lakini hakuna aliyenisimamia kama wewe.

"Umesoma swali la mashine?"

"Nimesoma."

"Linasemaje?"

Na ilinibidi nilisome kwa sauti ndipo uendelee. Katika watoto sitini na mmoja wa daftari la saba, mashine ilikuwa imebakiza sita. Thelathini na sita tuliwapata kwenye kurasa za wadogo zao, na kila aliyepatikana ulimpigia kofi moja la furaha huko ndani. Kumi na tisa hatukuwapata. Hao ni wa mama waliozaa mara moja kwako wasirudi tena, na wanasumbua usingizi wangu kuliko habari yoyote niliyowahi kukosea.

Sasa nikupe taarifa. Seva ingali chumbani mwako, na Robi ndiye anayeingia kuifuta vumbi. Kufikia mwezi uliopita, kumi na tisa walikuwa wamebaki kumi na mmoja, maana tumepeleka habari kwenye makanisa na masoko, na watu wanakuja. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mzee wa Kendu Bay, mwenyewe, si mtoto wake. Alimzaa mmoja tu. Alitaja siku, na akaonyesha kadi ya ubatizo ya mtoto, na zikaoana. Nilimwuliza kama anamkumbuka mkunga aliyemzalisha.

"Namkumbuka sana," alisema. "Nilimwambia nakufa. Akaniambia ningoje kwanza amalize chai yake."

Palikuwa na nafasi ya maelezo chini ya jina lake. Nimeandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na mashine iliponiuliza kama nina hakika, nilisoma swali, nikajibu.

Pumzika vyema, mama. Huku tumebakiza kumi.

Mkweo,
mume wa Robi