Kipande cha Bandarini Mpaka Morogoro

Jumapili, mwezi wa sita. Kipupwe.

Kumekucha na manyunyu, na upepo wa kusi umejipenyeza kwenye vichochoro vya Mkunazini, hapa Unguja, na baridi yake ile ya kumtamanisha mtu chai ya tangawizi. Mapaja yananiuma. Kiuno nacho hakitaki kusemeshwa. Nimekaa mbele ya ramani tangu niliposali adhuhuri na sijachora hata mstari mmoja, kwa hiyo naona bora niandike hapa kwanza. Ya jana hayajanitoka.

Kwa asiyejua: mimi na rafiki yangu Dilip tunapanga safari ya baskeli. Si ya kuzunguka kisiwa, hiyo tulishaifanya zamani tulipokuwa na magoti. Hii ni ya bara, kutoka Dar es Salaam mpaka Ujiji, kupitia Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, tuingie Kigoma. Siku ishirini na mbili kama mvua na mnyororo havitatugomea. Mimi ni mwalimu wa jiografia mwenye miaka hamsini na moja. Dilip amenizidi miezi minne na hajaacha kunikumbusha.

Tutakwenda kwa baskeli moja. Fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo ametuunganishia fremu mbili ikawa baskeli ya watu wawili, mimi mbele nimeshika usukani, Dilip nyuma anakanyaga. Ni kwa sababu ya macho yake. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kila mwezi bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari amemwambia mwaka ujao asiyategemee macho hayo. Ndiyo maana tunaondoka mwezi unaokuja, wala hatusemi tena "tutaona".

Safari yenyewe si mpya. Tuliichora tulipomaliza kidato cha nne, nyuma ya boksi la minyororo, ndani ya duka la baba yake pale Mlandege. Mzee yule aliuza vipuri vya baskeli: spoku, mipira, kengele, pampu. Baada ya alasiri, wateja wakipungua, tulikaa chini nyuma ya kaunta kwenye harufu ya mpira mpya na ubani aliouwasha asubuhi mbele ya picha za miungu yao, tukafungua atlasi ya shule. Mpaka leo nikinusa tairi jipya nakuwa na miaka kumi na minane.

Ujiji niliichagua mimi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema wazee wake walitoka upande huo kwa miguu mpaka pwani, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Dilip alipoisikia habari hiyo alisema, "Basi sisi tutarudi huko kwa magurudumu, na kwa kutaka wenyewe."

Tuliipanga miezi mitatu. Tulijizoesha kila Jumapili, Bububu, Mahonda, mpaka Nungwi na kurudi. Mtaa mzima ulijua. Mimi ndiye niliyeutangazia, nikipita nimekunja suruali hadi gotini, nikiulizwa naenda wapi najibu "Ujiji" kama mtu anayekwenda sokoni Darajani kununua vitunguu. Tukaagana tukutane bandari ya hapa Unguja asubuhi, meli ya kwanza ya Dar es Salaam.

Sikwenda.

Nilikuwa nimefunga mzigo wangu kwenye keria. Nilikuwa nimevaa viatu. Nikakaa kitandani, nikaisikia honi ya meli mara ya kwanza, nikaisikia mara ya pili, na miguu haikuinuka. Sikuogopa simba wala majambazi. Niliogopa kurudi nimeshindwa. Niliuona mtaa mzima umejipanga vibarazani kunicheka. Basi nikavua viatu, nikaenda jikoni nikanywa chai na mama.

Wiki mbili baadaye Dilip alirudi Unguja. Alisema alikuwa Upanga, Dar es Salaam, kwa shangazi yake. Amekuwa mweusi kwa jua, amekonda, nikadhani ni mambo ya ufukweni. Kabla hajaniuliza kitu nikamwambia mama aliugua ghafla siku ile, karibu tumkose.

Mama alikuwa mzima. Asubuhi ile alikuwa anakaanga mandazi.

Huo uongo nimekaa nao zaidi ya miaka thelathini. Mama alipofariki kweli, Dilip alikuwa wa kwanza kufika nyumbani. Alinishika mkono akanambia, "Ile mara ya kwanza Mungu alimrudisha, Mau. Tushukuru kwa miaka aliyotuongezea." Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kama kuna siku nimejichukia kuliko siku ile, na maiti ya mama imo ndani.

Sasa nifike kwenye ya juzi na ya jana.

Ijumaa nilikwenda kwao kumpelekea Dilip ratiba. Tumekuwa tukibishana juu ya jambo moja tu wiki nzima: mahali pa kuanzia. Mimi nataka tuanzie bandarini Dar es Salaam, palepale tulipopanga, tukanyage Kibaha, Chalinze, mpaka Morogoro. Yeye anataka tupande basi, baskeli juu, tuanze kukanyaga Morogoro. Nilidhani anaogopa malori ya barabara ile, na kwa kweli hata mke wangu Asha anasema yeye ndiye mwenye akili kati yetu wawili. Lakini mimi nimeshikilia bandari. Sikumwambia kwa nini.

Nilipokuwa natoka, mkewe, Hansa, alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Shemegi," aliniambia, "watoto wote wamekataa safari hii. Mimi ndiye niliyekubali. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe hujawahi kumdanganya Dilip. Ukimwambia kushoto kuna shimo, kuna shimo."

Nilimuaga haraka nikaondoka.

Jana asubuhi tulikwenda kuijaribu baskeli, kutoka Mlandege mpaka Fumba. Mwanzo tulikuwa kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Mimi napunguza, yeye anaongeza. Tulipopita Mombasa, mtaa wa hapa hapa Unguja, tukaanza kuelewana. Nilimtajia kila kitu kabla hatujakifikia: shimo, tuta, kona, gari nyuma. Baada ya muda akanigonga mgongoni.

"Usinambie mashimo tu bwana. Nambie na vya kupendeza."

Basi nikamwambia. Mwanamke wa kanga ya zambarau anafagia uwanja. Mnazi umelalia paa la banda la watu na hakuna anayejali. Huku majumba mapya ya Fumba yameota, meupe, kama sukari ya vipande. Alikuwa anacheka, anakanyaga kwa nguvu, na mimi nikajisahau kwenye kusimulia. Tuta nikaliona limeshafika. Sikulitaja.

Dilip alirushwa kutoka kwenye tandiko, akaanguka ubavu. Nilipomfikia alikuwa ameshakaa, anajipapasa. Hakuvunjika. Kiganja ndicho kilichochunika, damu na mchanga. Nilimuosha kwa maji ya chupa, na yeye akanyoosha mkono, ametulia, ananiamini, kama mtoto kwa mamake.

"Halikuwa kosa lako," akasema. "Mimi ndiye niliyetaka hadithi."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilimwambia palepale kando ya barabara, mkono wake mkononi mwangu. Kwamba mama hakuugua. Kwamba nilisikia honi zote mbili. Kwamba nilivua viatu nikanywa chai. Na kwamba nimeshikilia tuanzie bandarini kwa sababu nataka nifike pale nilipoacha kufika.

Alitazama upande wangu muda mrefu, pembeni kidogo ya uso wangu kama anavyotazama siku hizi.

"Alikuwa mzima?"

"Mzima."

Akautoa mkono wake.

"Turudi," akasema.

Njia yote hakunena. Sijui kama kuna kitu kizito kuliko kumwendesha mtu aliyekunyamazia, miguu yenu inazunguka pamoja kwa mnyororo, hamwezi hata kuachana mwendo. Nilitaja mashimo. Nilitaja matuta yote. Vya kupendeza sikuthubutu.

Mlandege tulishuka mbele ya duka. Siku hizi mwanawe Dilip anauza simu humo. Nikadhani Dilip ataingia ndani na mambo yataishia hapo, pamoja na safari. Badala yake alikaa barazani, akaniashiria kwa kiganja chake kilichochunika nikae na mimi.

"Mimi siku ile sikwenda kwa shangazi," akasema. "Nilikungoja mpaka wanavuta daraja la meli. Halafu nikapanda."

"Ukapanda?" nikamuuliza.

"Nlikwenda na baskeli yangu, Mau. Peke yangu. Kibaha nililala kwa mwuza mkaa. Ruvu mpira ukapasuka mara tatu. Chalinze nililia, nakwambia, nimekaa chini ya lori la watu nalia, dereva akanipa mua. Lakini nikafika. Nimeiona milima ya Uluguru imesimama mbele yangu, nikapiga kelele mwenyewe barabarani kama mwehu. Pale nguvu zikaniishia. Shangazi alikuja kunichukua."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikuja mbio kukwambia! Kutoka melini nilikwenda kwenu kabla ya kwetu. Nikakukuta uso umekushuka, unanambia mama karibu afe. Ningekaaje na mtu wa namna hiyo nianze kumsimulia Morogoro? Nikasema nitangoja apone vizuri. Halafu siku zikapita, ikawa aibu kuianza. Hata Hansa hajui."

Nilidhani kutofika kwangu kulimkosesha safari. Kumbe safari alikwenda. Uongo wangu ulichomnyima ni mtu wa kumsimulia, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikamuomba radhi. Hakusema "yamepita", na ninamshukuru kwa hilo. Alisema amekasirika, na kwamba ataendelea kukasirika siku mbili tatu hivi, kwa hiyo nisimpigie simu mpaka Jumatano. Halafu, nimeshasimama, nikamuuliza kwa sauti ambayo hata mimi nilijionea huruma: basi tuanzie bandarini? Twende kile kipande pamoja?

"Hapana," akasema. "Kipande hicho nshakimaliza. Kilikuwa changu, na nilikiona kwa macho mazima. Sitaki kukipita tena nikiwa sioni. Mimi nataka huko mbele, Mau. Gairo, Manyoni, huko kwenye misitu ya Itigi. Huko sijapaona na sitapaona. Huko ndiko nakutaka uniambie."

Nilipofika nyumbani Asha aliniuliza baskeli ilikuwaje. Nikamsimulia yote, hata ya mandazi. Akanimiminia chai, akasema, "Yeye kakuambia unachotakiwa kufanya. Sasa wewe fanya hicho, usifanye unachokitaka wewe."

Nafikiri hilo ndilo lililonikalisha mbele ya ramani leo bila kuchora. Miaka yote hii nimejiambia kuwa siku nitakapofika bandarini na baskeli, nitakuwa nimelipa. Bandari ile haipo tena. Meli ile iliondoka na mtu mmoja. Naweza kukanyaga barabara ya Chalinze mara kumi na sitamkuta kijana yule chini ya lori, nikae naye, nimwambie twende.

Inaniuma kuandika hivyo. Nimeandika.

Saa kumi hii simu imelia. Dilip, na leo si Jumatano. Amesema Hansa amejua, amemwambia mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, na kwamba Hansa ameudhika na sisi wote wawili ila zaidi na yeye. Safari ipo. Anataka kujua Itigi tutalala wapi.

Nimechukua kifutio, nimekifuta kipande chote nilichokuwa nimekichora kabla ya leo, kutoka bandarini mpaka Morogoro. Tutakwenda kwa basi. Kabla hajakata simu nimemuomba jambo moja. Nimemuomba ndani ya basi anisimulie barabara yote, kituo kwa kituo, pale kwa mwuza mkaa, pale mpira ulipopasuka, pale alipolia, mpaka milima itokeze.

Amesema sawa, lakini basi linaondoka alfajiri na mimi ananijua, nisije nikalala.

Sitalala.