Macho Yasiyoshuka

Nyakasimbi

Mdogo wangu Mugisha,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Mvua zimepita, kahawa imechumwa na kuanikwa, nami sikukuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa na shughuli. Nilikuwa naona haya.

Binti yako Asimwe alikwenda Mwanza na vyeti vyako vya hospitali, pamoja na zile video alizokupiga ukitembea uani. Daktari wa ubongo alimuuliza kama ulikuwa ukianguka chali tangu mwanzo, na kama ulishindwa kutazama chini. Alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini dalili zinalingana na ugonjwa adimu unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka viungo, wala si Parkinson yenyewe. Ndiyo maana vile vidonge vya Parkinson ulivyopewa hospitali havikukufaa. Ugonjwa huo huharibu sehemu za ubongo zinazoongoza macho na kuufanya mwili usimame imara. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Macho, Mugisha!

Siku ya kikao cha ukoo nilipitisha kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama alivyofanya baba. Mdogo hupokea kwa mikono miwili, macho yakiwa chini. Wewe ulinikazia macho usoni, mkono ukapapasa, punje zikamwagika mkekani. Nikakukemea, "Pokea kama mtu aliyelelewa!" Ukajibu polepole, "Kaka, macho hayashuki." Binamu yetu Byabato akadakia, "Mwacheni, amekuwa askofu, anatazama mbinguni!" Wakacheka. Nami nilicheka. Ulipoinuka ukaanguka chali, wakasema ni rubisi, ilhali hukuwa umeonja pombe ya ndizi tangu Kwaresima.

Kabla ya kufunga kikao tulikuvua urithi wa kibanja cha baba, lile shamba la migomba la ukoo, tukampa Byabato. Muhtasari niliuandika mimi, kwa mwandiko safi wa mwalimu: "Ana kiburi, tena ni mlevi." Ulipofariki, Byabato alikunyima hata kaburi. Tulikuzika nyuma ya kanisa, mbali na migomba alikolala baba.

Mkeo Kokuhirwa alijua. Hakusomea uganga, aliona tu. Alikuinulia sahani hadi usawa wa uso, ukala bila kumwaga. Nilimwambia anakudekeza. Leo analima shamba la kukodi kule Rugu, na ndizi za migomba aliyoipanda kwa mikono yake anazikata Byabato.

Jumamosi ukoo utakaa tena. Nimeomba muhtasari ule ufutwe na kibanja kirudi kwa Kokuhirwa na Asimwe. Byabato amekwisha kuniambia, "Mwalimu, maiti hairudishiwi shamba." Wazee wawili wako upande wake. Sijui kama tutashinda. Lakini safari hii kisahani cha kahawa kitaanzia kwa mkeo. Nitampa kwa mikono miwili, mbele ya wote waliocheka, macho yangu yakiwa chini. Yangu bado yanashuka.

Lala, mdogo wangu. Ukoo ukishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama itakuwa habari ya kunitia haya kwa mara ya pili.

Kaka yako