Dagaa Mmoja Kwenye Gari la Baba

Nyumbani kwa Mwalimu Maige,
Mkuyuni,
Mwanza.

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Dorotea,

Shikamoo. Ndani ya mkebe wangu wa hesabu, kati ya bikari na kipimapembe, kuna dagaa mmoja mkavu ambaye sijamwambia mtu yeyote nilimtoa wapi. Nimekaa naye tangu Jumamosi. Kila nikifungua mkebe darasani harufu inatoka, na Precious, ninayekaa naye dawati moja, anadhani nimeanza kuja na mboga shuleni. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa ukweli wake.

Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya kukujulia hali. Hujambo, Shangazi? Baridi ya Songea imepungua? Bado unaendesha gari la wagonjwa, au wamekupa mapumziko uliyoyaomba? Revocatus anaendeleaje na masomo? Sisi huku hatujambo kiasi. Bibi anahudhuria kliniki yake kila Jumanne na Ijumaa, na hataki kusikia habari ya kuhama mjini. Mama ana sare nyingi za kushona. Mimi nipo kidato cha tatu, nimekuwa wa nne darasani.

Naandika kwa sababu ukipiga simu mama anaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza. Tena unanijua. Maneno yangu yakifika kooni yanageuka yanarudi.

Tatizo letu ni mgongo wa baba. Tangu ahamishiwe shule ya Misungwi mwaka jana, anakwenda na kurudi kila siku kwa pikipiki, karibu kilomita arobaini kwenda na nyingine arobaini kurudi. Mwezi wa sita daktari alitazama picha akasema pingili mbili za kiuno zimesagika, na akiendelea na mtikisiko huo mguu wa kushoto utakufa ganzi kabisa. Umeshaanza. Juzi alivukwa na ndala moja mlangoni, akatembea mpaka kwenye kiti chake bila kujua. Mama aliiokota akairudisha karibu na mguu wake.

Basi ikaamuliwa tununue gari, lililotumika lakini zima. Kazi ya kutafuta ni gari la aina gani nilipewa mimi, kwa kuwa nasoma kila kitu, hata magazeti ya kufungia maandazi. Niliandika maswali mawili juu ya daftari. Linakula mafuta kiasi gani kwa kilomita themanini kila siku? Na linamkalisha baba vipi?

Kila mtu alikuwa na ushauri. Jirani yetu Mzee Chenge alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akamwambia baba, "Mwalimu, nunua gari kubwa, watu waone umenunua."

Mama akamjibu akiwa kwenye cherehani, "Wamwone wapi, kituo cha mafuta?"

Mwalimu anayefundisha na baba Misungwi ana gari dogo sana linaloonja tu mafuta. Baba alijaribu kulipanda. Aliingia kama mtu anayetumbukia shimoni, na kumtoa walivutana watu wawili. Nikafuta jina la gari hilo.

Ndipo nikagundua kwamba hapa nyumbani kuna kiti kimoja tu ambacho baba akikaa hagumii, nacho ni kile cha mama cha cherehani. Nikachukua futi yake ya kushonea nikakipima. Sentimita hamsini na tatu kutoka chini hadi pa kukalia. Jumapili mbili mfululizo, baada ya misa, nilipima viti vya magari pale uwanjani kanisani. Kuomba ruhusa aliomba mama, mimi nilishindwa. Gari lililokaribia kile kiti lilikuwa Raum. Injini yake ni ya wastani, na milango yake ya nyuma inateleza pembeni, kwa hiyo hata bibi angepanda bila kuinama. Nikaliwekea duara jekundu.

Jumamosi iliyopita tukaenda yadi moja ya magari njia ya Buhongwa. Dalali wa pale anaitwa Ngosha, alifundishwa na baba zamani. Alipotuona alikuja mbio.

"Mwalimu Maige! Fimbo zako bado ninazo mgongoni!"

"Basi hukuzisikia vizuri, maana hesabu hukujua mpaka unamaliza," baba akasema, wakacheka wote wawili. Shangazi, sikumbuki mara ya mwisho kumwona baba akicheka akiwa amesimama.

Ngosha akatuonyesha Raum ya rangi ya fedha, viti vikiwa bado na nailoni zake. Akapiga kibao cha namba kwa kiganja. "Namba E hiyo, mwalimu. E! Imeshuka melini ikaja kukaa hapa kumsubiri mtu mmoja tu, nawe ndiye umefika." Huku kwetu mtu akiona herufi E kwenye namba hana swali tena, gari ndiyo kwanza limeingia nchini. Baba hakuuliza. Mama hakuuliza. Mimi mwenye daftari sikuuliza.

Nilipotoa futi kupima kiti, Ngosha akasema, "Huyu dogo ni fundi magari au anashonea gari suruali?"

Mama akamwambia, "Mwache apime. Gauni likibana nalifumua. Hili likibana utalifumua wewe?"

Kiti kilikuwa sentimita hamsini na nne. Baba aliliendesha mpaka Usagara na kurudi, sisi tukiwa nyuma. Barabarani alianza kuimba wimbo wa kwaya ambao hajauimba tangu mwezi wa sita. Tuliporudi alishuka bila kushika mlango. Mama alinitazama, macho yake yamelowa, akanibana mkono.

Walipoenda kivulini kuzungumza na Ngosha, mimi nilibaki. Nilikumbuka ulichoniambia ulipokuja kwenye msiba wa babu, kwamba wengine wakinunua gari wanaanza na rangi, wewe unaanza na shimo la tairi la spea. Nikafunua zulia la nyuma, nikasogeza tairi. Chini yake palikuwa na mchanga wa ziwani, ule mweupe wa chenga, na magamba ya samaki, na dagaa mmoja. Bati lilikuwa limeliwa na kutu. Nilipobonyeza, kidole changu kilipenya nje. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gari lililodaiwa kushuka melini juzijuzi limening'inizwa manukato mawili.

Nilirudisha zulia. Dagaa nikamtia mfukoni. Nilikwenda pale kivulini nikasimama nyuma ya mama, na baba akaniuliza mbele ya watu, "Mtaalamu wetu, unasemaje?" Nikasema, "Ni zuri, baba."

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu gari hilo nililichagua mimi, nikaona aibu. Na kwa sababu ya ule wimbo. Ningewezaje kumnyamazisha?

Nilijifariji kwamba dagaa mmoja si kitu. Jumanne nikamfuata Precious mpaka Mwaloni, Kirumba, ambako mama yake anauza dagaa. Nilimuuliza mama huyo kama vile ni swali la shuleni. Akaniambia magari madogo huondolewa viti vya nyuma, yakapakiwa magunia ya dagaa na matenga ya samaki wa barafu mpaka Kahama huko, na maji ya samaki yanashuka chini yanakaa. "Miaka miwili tu sakafu inakuwa chujio," alisema. "Wakilichoka wanaliosha, viti vinarudi, linakuwa bibi harusi." Precious alicheka. Mimi nilisema nasikia kizunguzungu kwa sababu ya jua.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Jana baba aliuza pikipiki, ili itimie bei ya gari. Mnunuzi alikuja jioni, na mimi ndiye niliyetumwa kabatini kuleta kadi ya usajili ya pikipiki. Nilisimama pale nikaisoma. Kadi ina tarehe chombo kilipoandikishwa. Kadi ya lile gari hatujaiona, Ngosha anasema imefungiwa kwenye droo ya bosi wake hadi siku ya kukabidhiana. Nilikuwa na njia yote kutoka kabatini hadi uani ya kusema, hatua kama kumi na tano, na sikusema. Baba alilipapasa tenki la pikipiki kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, kisha akampa mnunuzi ufunguo.

Malipo ni keshokutwa, Jumamosi saa nne. Najua barua hii haiwezi kufika Songea kabla ya hapo, hata nikiituma kwa basi la kesho. Kwa hiyo sikuombi unisaidie. Nilitaka tu nione kama habari hii inaweza kutoka kwangu hata kwa kalamu.

Baba akilinunua, sakafu itamfungukia njiani siku moja, naye hana akiba ya kununua jingine. Asiponunua, hana gari wala pikipiki. Hayo yote ni juu yangu.

Nisalimie Baba Revocatus na Revocatus mwenyewe. Bibi anasema usisahau miguu ya kuja Krismasi. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Mungu azidi kukulinda wewe na kila mgonjwa unayembeba.

Jumatatu, 25 Agosti

Shangazi, bahasha sikuifunga, naendelea hapa hapa.

Jumamosi asubuhi nilijaribu kusema tukinywa chai. Nikaishia kumuuliza baba kama anataka sukari. Tulipofika yadi gari lilikuwa limeoshwa, linametameta. Baba alikuwa na mfuko wa khaki kwapani. Ngosha alikunjua karatasi za kusaini juu ya boneti.

Nilifungua mkebe, nikamweka dagaa kwenye kiganja cha baba. Nilisema, "Baba, nilimtoa kwenye shimo la tairi la spea. Omba kadi." Safari hii sauti ilitoka.

Ngosha akacheka. "Mwalimu, Mwanza hii dagaa wapo hata mfukoni mwa mchungaji."

"Lete kadi," baba akasema.

Ikaletwa. Baba hakuishika. "Soma tarehe. Kwa sauti."

Ngosha alisimama wima kama mwanafunzi akasoma. Lilikuwa limeandikishwa Agosti 2023, miaka miwili kamili. Mama alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya gari, amefunua zulia. Aliingiza vidole vitatu kwenye tundu akasema, "Naona ardhi." Baba akamwambia Ngosha, "Keti." Nadhani ni mazoea tu. Lakini Ngosha aliketi kweli, juu ya matairi, akainamisha kichwa. Baba alimlaza dagaa juu ya boneti, tukaondoka.

Nyumbani aliniuliza nilimpata lini yule dagaa. Nikasema Jumamosi iliyotangulia.

"Kabla ya pikipiki."

"Ndiyo, baba."

Hakunigombeza, akaingia chumbani. Afadhali angenigombeza. Baadaye nilimsikia mama akimwambia, "Si ni wewe uliyemfundisha mtoto kwamba mwanafunzi wako hawezi kukudanganya?"

Mama alimpigia mnunuzi wa pikipiki simu. Ameshaipeleka Sengerema.

Jana jioni baba aliomba daftari langu la magari. Akalirudisha. Chini ya ukurasa wa Raum alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kama anavyowaandikia wanafunzi wake: "Kazi nzuri. Imechelewa." Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Leo niliamka saa kumi na nusu alfajiri. Niliuosha mkebe kwa sabuni mara mbili. Nilichukua mto wa kiti cha cherehani na mfuko wa madaftari ya baba, maana kunyanyua uzito hawezi, tukatembea taratibu mpaka kituoni. Njiani nilimwambia kwamba mguu wake wa kushoto unaburuza vumbi. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu tulipotoka nyumbani. Akatikisa kichwa, akaniegemea begani. Basi la Misungwi lilipokuja nilipanda kwanza, nikaweka mto kwenye kiti cha mbele, nikamkalisha, nikamwekea mfuko miguuni. Nikashuka. Lilipoondoka nilifungua daftari ukurasa mpya nikaandika juu kabisa, "Kadi kwanza," kisha nikaenda shule.

Wako akupendaye,
Kashindye